Mlangilangi wa Sabra

Siku Kristofa alipoleta majibu ya maua, Nasra hakuwa na chupa ya chai ya kumkirimia mgeni. Yake ilipasuka ndani tangu Ramadhani, na wageni hawakuwa wengi kiasi cha kumfanya anunue nyingine. Akapita uani, akaazima kwa jirani yake Semeni. Semeni akampa kwa sharti linalojulikana kijiji kizima, kwamba kitu chake kirudi kabla hajakikumbuka.

Kristofa alikuwa kijana wa milimani, kutoka upande wa Lushoto, mtaalamu wa miti katika mradi wa kuboresha milangilangi. Mwaka mzima alikuwa amezunguka vijiji vya huku chini ya Tongoni akichuma maua alfajiri, ya kila mti mfuko wake, na kwenda kuyakeneka mbalimbali, kuyachemsha na kukinga mvuke wake, ili ajue mti gani una mafuta na mti gani una harufu tu. Watu walimcheka sana. Mlangilangi ni wa kina mama, maua ya kutia kwenye nywele na kufukizia nguo. Nani aliwahi kuupima? Naye aliwajibu kwamba hata beberu huchaguliwa kabla ya kupelekwa kwa mbuzi majike, na mti nao una ukoo wake.

"Shikamoo mzee," alisema, akakaa kwenye kiti cha plastiki. "Nimekuja na habari njema. Hii miti yako miwili ya kisimani imeishinda yote tuliyopima."

"Alhamdulillahi," Rahimu, mume wa Nasra, akasema, ingawa bado hakujua anashukuru nini.

"Mti mmoja mzuri naweza kuupata popote. Miwili ya ukoo tofauti, imesimama jirani namna hii, sijaona. Tukiichavusha huu kwa huu, mbegu zake ndizo zitakazopandwa huku kote. Tunataka tuifanye hapa bustani ya mbegu. Mradi utanunua mbegu kila msimu, na tutamlipa mtu wa kufunga maua na kuyafungua. Kazi hiyo anaiweza mama hapa."

Nasra alikuwa mlangoni na chai mkononi. Akasimama hapohapo. Mbele ya nyumba yao minazi ilibaki vigogo bila vichwa, ugonjwa umeimaliza yote, na tangu nazi zikatike walikuwa wanaishi kwa vitumbua vyake na vibarua vya mume wake. Bati la chumbani lilikuwa linavuja mpaka wamejua kulala upande.

"Lakini kuna ule," Kristofa akaendelea, akanyoosha kidole upande wa jiko. "Ule una maua kuliko yote, na mafuta hauna. Ukiachwa, wadudu watabeba chavua yake waje nayo huku, na mbegu zote zitaharibika. Ule itabidi ukatwe."

Rahimu akautazama mti wa jikoni. Ulikuwa umeinama kidogo, matawi ya chini yanafika kichwani kwa mtu, manjano matupu.

"Nimekaa pwani mwaka wa tatu," Kristofa akasema, "nimejifunza kuuliza. Shamba linaweza kuwa la huyu na mti ukawa wa yule. Hii miti yote ni yenu?"

"Yetu."

"Hakuna mwenye neno? Kama yupo wa kuulizwa, mzee, aulizwe. Hatuna haraka ya kugombanisha watu. Naweza kuwaweka msimu ujao."

"Nani awe na neno? Ni kwangu hapa."

Nasra akainamisha macho kwenye chupa ya chai. Neno lilikuwa limeshatoka, na kumsahihisha mume mbele ya mgeni ni jambo ambalo hakulelewa nalo. Angekohoa basi. Hakukohoa. Akamimina chai, na kabla mgeni hajafikisha kikombe mdomoni, sauti ya Semeni ikaja juu ya ua: "Nasra! Hiyo chupa yangu mnanyweshea harusi?"

*

"Ule ni mti wa wifi," Nasra alisema mgeni alipoondoka.

"Najua."

"Mama alisema mbele yetu sote, pale kitandani. Shamba na nyumba yako, mlangilangi wa jikoni wa Sabra."

"Nasra, nilikuwepo. Mama yangu mwenyewe hutanihadithia."

"Basi nenda Usagara ukamwambie."

"Nikamwambie nini? Mtu yuko eda!"

Ilikuwa kweli. Uweso, mume wa Sabra, alikuwa amefariki, na Sabra alikuwa ndani Usagara, mjini Tanga, akikamilisha miezi minne na siku kumi za mjane: hatoki, hajipambi, hajitii manukato ya aina yoyote. "Niende kwa mjane," Rahimu akasema, "nimkalishe chini, nimzungumzie maua ya kujitia mwilini? Watu watanionaje? Mungu ataniona vipi?"

Alilisema hilo kwa sauti nzito ya kidini. Mtu huyohuyo, Ijumaa, huwa wa mwisho kuingia msikitini na wa kwanza kutafuta viatu vyake. Lakini kisingizio kikishavaa kanzu huwa kigumu kukivua, na mwenyewe alianza kukiamini palepale. Angemwambia dada yake akitoka eda. Angempa na fungu lake la mbegu. Akipewa haki yake, atakuwa na la kusema?

Hata hivyo alikwenda. Tumuandikie hilo. Alichukua muhogo na fungu la mchicha, akaenda mpaka Usagara, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Akamkuta Sabra kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe za eda, uso umemkonda na macho yamekuwa makubwa. Pembeni yake aliketi Mastura, dada wa marehemu, anachambua mchele.

"Karibu shemeji," Mastura akasema. "Umekuja kutujulia hali au kuna jambo?"

Swali la kawaida. Lakini Rahimu alilisikia vingine. Aliona jinsi Mastura atakavyosimulia kesho: ndugu za huyu mwanamke, maiti haijatulia kaburini, wameshakuja kumtaka mali yake. Akaona haya. Akazungumzia bei ya mchele, akazungumzia mvua iliyogoma, akazungumzia mbuzi wa Semeni aliyekula mahindi ya watu. Akaaga.

Sabra alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. "Rahimu," akamwita. "Una neno wewe. Nakujua tangu unatambaa."

"Sina neno, dada."

"Haya. Nisalimie Nasra."

Kuna nafasi mtu hupewa na Mungu waziwazi hivyo, kwa jina lake, na bado akaipita. Rahimu alivaa viatu, akaondoka.

*

Wakataji walikuja asubuhi. Mlangilangi si mti mgumu; msumeno wa mashine uliumaliza kwa muda mfupi kuliko walioutumia watu kubishana utaanguka upande gani. Ukaangukia ua wa Semeni, na harufu ikapanda, harufu ya harusi zote za kijiji kile kwa pamoja. Wanawake wakatokea kila upande na makanga yao, wakachuma maua kwenye matawi yaliyolala chini wakicheka, maana hakuna aliyewahi kuyafikia ya juu. Semeni alijaza beseni.

"Mzee Rahimu, dada yako ameridhia?" aliuliza, beseni kichwani.

"Ameshaambiwa."

Nasra hakuchuma hata ua moja. Alisimama kwenye kizingiti cha jiko lake akishangaa mwanga, kwa sababu jiko lile halikuwahi kupigwa na jua. Wakataji wakapaka kisiki dawa ya kuzuia kisichipue tena, kwa kuwa ndivyo bustani ya mbegu inavyotakiwa, wakabeba mashine yao. Harufu ilikaa nyumbani siku kadhaa. Iliingia kwenye shuka, kwenye unga, kwenye maji ya mtungi, na Rahimu akawa halali vizuri, akasingizia kunguni.

Baada ya hapo mambo yakaenda kama Kristofa alivyosema. Nasra akafundishwa kufungua petali kwa kibano, kupaka chavua ya mti huu kwenye ua la mti ule, na kulifunga ua katika kimfuko cheupe cha kitambaa. Mikono yake iliyozoea kugeuza vitumbua bila kuviunguza ilikuwa myepesi kwa kazi ile, na Kristofa alimsifu mbele za watu. Malipo ya kwanza yakaleta bati. Usiku wa mvua wakalala katikati ya kitanda, wamenyooka, wakisikiliza maji yanapita juu bila kuingia. Zamani wangecheka.

"Eda inakwisha karibu," Nasra alisema mara moja.

"Nitakwenda," Rahimu akajibu.

*

Alipokwenda alimkuta Sabra peke yake. Mastura alikuwa sokoni. Ilikuwa nafasi ya pili, na nzuri kuliko ya kwanza.

"Ee, afadhali umekuja," Sabra akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Hebu niambie, mlangilangi wangu unatoa?"

Rahimu akasema, "Dada, wewe uko eda. Habari za maua..."

"Kha! Kusema ndiyo kujipaka? Tangu lini umekuwa shehe wewe?" Akacheka, mara ya kwanza tangu wamzike Uweso, mpaka akashika ubavu. "Mwalimu wa madrasa alikuwa anakutafuta juu ya huo mti na bakora, leo unanifundisha dini!"

Rahimu naye akacheka, kwa kuwa asingeweza kufanya lingine.

"Sasa sikia," Sabra akaendelea. "Siku ya kutoka sitaki kuogea hapa. Wifi zangu ni wema, sina ubaya nao, lakini nataka kwenda kuoga nyumbani kwa mama, nitoke niingie chini ya mti wangu, nichume kwa mkono wangu. Uweso alikuwa anayapenda yale maua. Alikuwa akiniambia amenioa kwa sababu ya ule mti, pua yake ndiyo iliyoposa. Miezi yote hii nimejinusa jasho na machozi tu, Rahimu. Nikishindwa kulala nauwaza ule mti. Mwambie Nasra watu wasichume tawi la chini."

"Nitamwambia."

"Hujanijibu. Unatoa?"

"Unatoa, dada," Rahimu akasema.

Alirudi nyumbani, akapita moja kwa moja chumbani. Nasra akamfuata na sahani ya chakula.

"Umemwambia?"

"Anakuja kuogea hapa."

"Baba Tahiri, umemwambia?"

"Nimekwambia anakuja, Nasra!" Chakula kikapoa, akapewa paka.

*

Sabra alifika kwa bajaji, yeye na Mastura, na furushi la nguo mpya alizoshonewa. Nasra alikuwa ameamka mapema kupika pilau, na alikuwa amekubaliana na mumewe kwamba Rahimu ampokee barabarani, amwambie hukohuko kabla hajafika. Rahimu alikwenda mpaka barabarani. Alipoona bajaji inakuja alipanda, akakaa mbele na dereva, akatazama njia.

Sabra aliposhuka hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyumba akielekea jikoni, kandambili mkononi, akimwita Nasra kwa sauti ya kumgombeza kwa mapenzi kama kawaida yake. Sauti ikakatika.

Mastura akafika nyuma yake na furushi, naye akasimama.

"Upepo?" Sabra akauliza. Alikuwa anamuuliza Nasra, na uso wake ulikuwa na huruma, ya kuwahurumia wao, wasije wakawa wameumizwa na mti ulipoanguka. "Uliwaangukia?"

Machozi yakamtoka Nasra.

"Niliukata," Rahimu akasema nyuma yao.

Sabra akageuka. "Lini?"

"Ulipokuwa ndani. Ni mradi, dada. Ile ya kisimani ina mafuta, wameichagua kuwa ya mbegu, na huu... huu ulikuwa unaiharibia. Sikutaka kukusumbua na habari za manukato nawe uko eda. Nilisema nitakwambia ukitoka. Fungu lako lipo, haki ya Mungu, sijaligusa."

"Eda usiiingize. Eda yangu na Mungu wangu." Hakupaza sauti. "Ulikuja kwangu na muhogo. Mti ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Nikakuuliza una neno, ukasema huna. Ukaja tena. Mti ulikuwepo?"

"Haukuwepo."

"Nikakuuliza unatoa."

Mastura, ambaye Rahimu aliuogopa ulimi wake, alitazama pembeni kwa heshima kabisa, kama mtu aliyemkuta mwenzake hajavaa.

"Ungeniuliza ningekataa," Sabra akasema. "Nataka ujue hivyo, usije ukajifariji kwamba ningekubali. Ningekataa, ningelia, ningekutajia mama, wewe ungenuna. Ungekaa mwezi huji. Halafu ungekuja na muhogo wako, na Nasra angenieleza hilo bati linavyovuja, na mimi ningesema haya, kateni, Mungu atanipa mwingine. Ndivyo tulivyo siku zote. Nikatae, kisha nikupe. Safari hii hukunipa nafasi ya kukataa, na sasa sina hata cha kukupa."

Rahimu hakuwa mtu wa kulia. Aliondoka pale mbiombio kwenda kisimani, akashika tawi la mti wa mbegu, akaanza kurarua vimfuko vyeupe. Maua ndani yalikuwa yameshaanza kunyauka na kushika mbegu. "Chuma haya!" alikuwa anasema. "Dada, chuma! Yote yako! Mradi uende zake!"

"Baba Tahiri, hizo ni mbegu!" Nasra akapiga kelele.

"Yafunge," Sabra akasema. "Hayo si yangu. Na hayanukii tena."

Ilikuwa kweli. Ua likishashika mbegu harufu yake huisha, na mti wote ulikuwa umefungwa hivyo, kuanzia tawi la chini hadi lile la juu. Katika bustani bora kuliko zote za upande ule, hapakuwa na ua moja la kumtolea mjane eda.

Sabra aliogeshwa chumbani alimozaliwa. Mastura akatoa pochini chupa ndogo ya marashi, ya dukani, akampaka mabegani na kwenye nywele. Alitoka amevaa nguo mpya, akala matonge mawili matatu ya pilau, akaisifu, akambusu Nasra kichwani. Aliondoka kabla ya alasiri.

*

"Niliuliza, mzee," Kristofa alisema siku Rahimu alipomweleza.

"Uliuliza."

"Kijiti kimoja tu kingetosha. Siku ileile ningekikata, nikakipandikiza kwenye mche mwingine, nikakupa ndani ya kopo umpelekee mjini akauweke mlangoni kwake. Mti uleule, maua yaleyale. Kazi ya dakika chache." Kijana alikuwa na uchungu wa kweli, na hilo lilimuumiza Rahimu kuliko angekemewa. "Sasa hata hicho kisiki tulishakipaka dawa."

Rahimu alichukua jembe jioni ile, akachimba kuzunguka kisiki akitafuta mzizi wenye uhai. Alikwaruza gome mzizi baada ya mzizi, na ndani yote ilikuwa kahawia. Nasra alimtazama kutoka jikoni, kwenye lile jua asilolizoea, hakumwambia aache. Yeye naye alikuwa na lake la kuchimba, kikohozi kile alichokimeza siku ya mgeni.

Fungu la mbegu lilipopelekwa Usagara, Sabra alilipokea. Akashukuru, akamwombea kaka baraka. Watu walidhani atakata mguu, na Rahimu usiku alikuwa anaomba afadhali akate, au aje agombe, avunje hata sahani. Mbegu zikachipua vizuri, zikapelekwa vijiji vingine, na vijiji hivyo vikasema miche ya kwa Rahimu haina mfano.

Siku ya Idi Sabra alikuja. Alikuwa na bakuli la visheti alilolifunika kwa kitambaa. Rahimu alikuwa amekaa ndani na kanzu yake mpya, akasikia viatu vinakuja, akangoja vizunguke nyumba vielekee jikoni kama ilivyokuwa tangu wakiwa watoto. Havikuzunguka. Vilisimama mlango wa mbele.

"Hodi," sauti ikasema.

Aliijua sauti, lakini alichelewa kujibu, kwa kuwa neno lile hakuwahi kulisikia kwa mtu yule katika nyumba ile waliyozaliwa wote wawili. Nasra akatokeza kutoka jikoni, mikono imejaa unga, wakatazamana.

"Hodi wenyewe," Sabra akarudia, kwa adabu.

"Karibu," Rahimu akasema, akainuka kwenda kumfungulia.